Ardhi Ilipotulia Mbotela

Mtaa wa Mbotela,
Nairobi.
14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Ndete,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Je, mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu? Na shemeji Nzuki, kazi ya huko Kanada inampa nafasi ya kupumzika? Mimi mwili hauna neno, ila nyumba imekuwa kubwa tangu mume wangu Musyoka atutoke. Mpaka leo napika ugali wa watu wawili.

Mvua ya mwaka huu ilikuwa ya kutisha. Shimo la zamani la kuchimba mawe, lile la nyuma ya kanisa letu, lilijaa maji pomoni. Mvua ilipoacha, ardhi ikaanza kutetemeka. Si kwa nguvu. Vikombe viligongana kabatini, kisha kimya. Mara ya kwanza nilijikuta nimemwita Musyoka: "Umesikia?"

Nikampigia simu mwanangu Muasya, anayeishi mtaa wa Pipeline. Akasema, "Mama, hayo ni malori ya Jogoo Road." Baadaye akaanza habari za kunihamishia kwake na kunipeleka kwa daktari wa akili. Nikaanza kujishuku mwenyewe, Ndete. Ukiishi peke yako, hata ulichokisikia kwa nyayo zako huna wa kukuambia ni kweli. Nikawa nashika meza tu, nikingoja ipite.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa naanika nguo, kamba ikacheza na upepo haukuwepo. Jirani yangu Adoyo, ambaye miaka yote tumesalimiana tu mlangoni, akatoka mbio mikono imejaa unga. "Mama Muasya, umeisikia hiyo?" Nilikaa chini palepale nikalia. Akadhani nimeumia! Kumbe yeye naye alikuwa akifikiri ni presha yake inapanda.

Walimu wa chuo kikuu walikuja wakaweka mashine yao ya kupima mitetemo kanisani. Mmoja wao, Clare, alitueleza kwamba maji ya lile shimo yalipenya kwenye nyufa za mwamba, yakausukuma hadi ukateleza kidogo. Matetemeko yenyewe ni madogo, ila yako karibu na uso wa ardhi, ndiyo maana tuliyasikia. Muasya alikuwa amesimama nyuma akisikiliza. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Nisamehe, mama." Habari ya daktari ikaishia hapo.

Siku zile, kila ilipotikisika, tulitoka nje sote. Adoyo alileta chai, watu wakakaa juu ya ndoo na mawe, wakacheka woga wao. Sasa maji yamekauka, ardhi imetulia, na kila mtu amerudi kwake akafunga mlango. Usinicheke, lakini kuna siku nimekaa nikitamani itikisike tena, kidogo tu.

Jana nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kubisha kwa Adoyo. Akafungua kwa hofu.

"Imetetemeka tena?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimekuja tu."

Alinitazama, kisha akanivutia kiti. Tuliongea mpaka chai ikapoa, akaipasha moto tena.

Nisalimie Nzuki, na umbusu Sally kwa niaba ya mama yake mkubwa. Muasya anawasalimu. Mungu akae karibu nawe huko katika nchi ya watu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kasiva