Miaka Miwili ya Mashuka

Jumatatu, 5 Mei
Mvua asubuhi. Nimefua, nimeanika barazani. Shuka moja tu siku hizi. Tangazo la nyumba ya wageni ya Mikumi bado limo mfukoni. Wanataka mfuaji. Wasifu ufike kabla ya Ijumaa. Naitaka kazi hii. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu mke wangu, Mama Neema, azikwe.

Jumanne, 6 Mei
Kilosa mjini, dukani kwa shemeji Fadhili, mdogo wa marehemu. Huwachapia watu wasifu. Darasa la saba, sawa. Miaka tisa mpishi shuleni, sawa. Kisha miaka miwili mitupu.
"Tia kilimo, shemeji. Hapa kila mtu mkulima, hata asiyejua jembe linashikwa upande gani."
Nikacheka. Akatia kilimo. Kwenye hali ya ndoa akachapa "nimeoa". Hakuniuliza. Nami nikaipokea karatasi hivyo hivyo, nikarudi nayo nyumbani.

Jumatano, 7 Mei
Nimeisoma karatasi mara tatu. Uongo. Miaka ile sikulima hata tuta moja. Nilimuuguza mke wangu. Uji, dawa, mashuka kila siku. Alipokuwa na nguvu alishika ncha za shuka akiwa kitandani, mimi za upande wangu, tukakunja. "Vuta, mzee! Hiyo siyo leso!" Nguvu zilipokwisha nilifunga ncha zake kwenye nondo za dirisha.
Karatasi imemfuta. Nina hasira. Na ni mimi niliyekubali.

Alhamisi, 8 Mei
Nimerudi kwa Fadhili. Nikamwambia aandike: kumuuguza mke, miaka miwili, kufua na kukunja mashuka kila siku. Mdhamini: muuguzi aliyetuhudumia hospitali ya Berega. Amekubali kwa simu. Hali ya ndoa: mgane.
"Shemeji, hawatakuita."
"Basi wasiniite."
Akafuta, akachapa. Hakutania tena. Alipomaliza alikaa akiitazama ile karatasi. Dada yake. Kisha akaituma.

Alhamisi, 15 Mei
Kimya. Simu naichaji hata ikiwa imejaa. Ningekiacha kilimo kwenye karatasi, pengine wangekuwa wameshapiga. Naogopa.

Jumamosi, 17 Mei
Wamepiga. Jumanne nifike.

Jumanne, 20 Mei
Mikumi. Nimeipata, naanza Jumatatu.
Msimamizi ni mama wa makamo. Aliweka kidole kwenye ile miaka miwili, akasoma polepole. "Pole, baba." Hakuuliza zaidi. Akanipa shuka, pana kuliko yetu ya nyumbani. "Kunja nione."
Nikatafuta nondo dirishani. Kioo kitupu. Nikasimama na ncha zangu mbili, shuka likiburutika sakafuni.
Akainuka, akaokota upande wa pili. Tukavuta.