Bustani ya Shangazi, na Lile Pengo

Jumatatu. Joto limenigandishia shati mgongoni. Mawingu tele, mvua hakuna.

Toka Ilala mpaka Jangwani hakuna fundi wa bustani anayenifikia. Shule niliachia darasa la tano, sawa, lakini mgomba hauulizi cheti. Ufundi niliupata Uzunguni, wiki mbili nikimwagilia maua ya Mzungu mmoja, mpaka aliponikuta nimelala kwenye kiti chake.

Mumewe Shangazi amefariki, naye yumo edani: miezi minne na siku kumi hatoki nje. Imepita miwili. Baba kaniweka hapa nimchotee maji na kumwendea sokoni, basi na mimi nimefungwa humuhumu. Chumbani, uani, chumbani.

Juzi juzi Shangazi akasema hata kuta amezichoka sura.

"Niachie mimi," nikamwambia. "Utajiona uko Uzunguni."

"Huko nani atanikunia nazi?"

Alicheka. Kicheko cha kwanza tangu msiba.

Ua wetu ni hatua kumi kwa saba, jiko na choo humo humo. Nikapanga njia ya mawe, nikayapaka chokaa. Asumini upande wa jua, mrehani mlangoni, mgomba pale yanapotiririkia maji ya kuogea. Likabaki pengo baya kwenye ua wa makuti, tunapopakana na Mama Zuhura. Uzunguni hakuna anayemwona jirani yake! Nikajaza udongo madebe ya mafuta ya taa, nikayapandanisha mpaka kifuani, juu nikatia michongoma.

Ijumaa nikamaliza. Bombani nikajisifu mbele ya wanawake wote: kila kitu kaniagiza Shangazi mwenyewe, hata kuziba pengo.

Uongo mtupu. Nilitaka ionekane kazi ya kuagizwa.

Tangu siku hiyo Shangazi anatandika mkeka alasiri, anakaa akiyatazama madebe. Mara mbili ameita, "Mama Zuhura!" Kimya.

"Hupapendi?" nikamuuliza jana.

"Pazuri, mwanangu. Pazuri mno."

Leo nimekutana na Mama Zuhura bombani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie shangazi yako, kama kanichoka angeninong'oneza tu. Madebe ya nini?"

Mimi, mwenye mdomo mtaa mzima unaujua, nikabeba ndoo yangu nikaondoka.

Kila alasiri Mama Zuhura alikuwa akipenya pale na ukili wake, wanasuka, wanasengenya mpaka magharibi. Barazani kumejaa wanaume. Hakupita huko hata siku moja, na sasa ndiyo hatapita kabisa. Shangazi naye hawezi kutoka akamuulize kosa lake ni nini.

Kuyashusha madebe ni kazi ya robo saa. Nimeyashika mara tatu leo, nikayaacha. Yakishuka, nitalazimika kupita hapo mimi kwanza, niseme.

Asumini imeshika, mgomba umeshika, mawe yanang'aa.

Mlango pekee aliokuwa nao Shangazi nimeuziba mimi, kisha nikasema kauziba yeye.