Usiweke Matanga Yangu

Barabara ya Zhanxi,
Guangzhou, China.
16 Novemba 1998

Mpendwa Kaka Aloyce,

Shikamoo. Shemeji na watoto hawajambo? Mama je, mguu bado unamsumbua? Mimi nipo. Afya ninayo, na ndiyo hiyo tu niliyobaki nayo.

Kaka, kabla ya yote: ukiletewa habari kutoka serikalini kwamba nimekufa, usiweke matanga. Kaa chini nikueleze.

Chumbani nilikuwa naishi na Safia, Mkongomani wa Uvira, aliyeomba hifadhi ya ukimbizi. Pasipoti yake ilikuwa ya Zaire, na nchi yenyewe haina jina hilo tena. Karani wa ubalozi wao alikataa kumpa nyingine, eti babake alikuwa Mrundi. Akabaki na barua ya ofisi ya wakimbizi, kwamba ombi lake linafikiriwa. Mwaka wa pili huu linafikiriwa tu.

Wiki mbili zilizopita tumbo likamshika. Hospitalini waliitazama ile barua wakasema "meiyou", yaani hakuna, neno tunalojibiwa sokoni kutwa nzima. Bila pasipoti hatibiwi. Nikatoa yangu. Najua utanigombeza, lakini hukumwona alivyojikunja pale sakafuni. Karani hakuiangalia picha mara mbili. Kwao sisi weusi sote sura moja.

Walimpasua kwa jina langu. Siku ya tatu akafa, kwa jina langu hilo hilo. Pasipoti wameizuia, wanaipeleka ubalozini pamoja na cheti cha kifo.

Jana nilirudi hospitalini kusema ukweli, niwaombe angalau azikwe Kiislamu, maana Ijumaa wanamchoma moto, kama wafanyavyo maiti huku. Nilisema aliyekufa ni Safia, Benedicta ni mimi. Karani akanijibu bila hata hasira:

"Kama ni wewe, lete pasipoti."

Nikarudi chumbani. Nimelia mpaka nimechoka, Kaka. Ubalozi uko Beijing, mbali, na nikikamatwa njiani sina karatasi ya kuonyesha. Nikiugua leo, nami ni wa kulala sakafuni.

Nisalimie Mama, shemeji na mwanao Kasmir. Mungu awafunike, hasa mnapolala.

Nina ombi moja. Mama yake Safia, Bi Shifa, yuko kambini Lugufu, hapo hapo mkoani kwetu. Nenda mwenyewe, usitume mtu. Mwambie mwanawe amefariki. Akikuuliza kaburi, mwambie lipo.

Mdogo wako akupendaye, ambaye bado yu hai,
Benedicta