Kuba la Majaribio Juu ya Kiti cha Mama Mkwe

Mpendwa mshauri wa redioni, nisaidie kabla wingu halijafunga, maana naandika huku nachungulia dirishani. Mimi ni mwanamke seremala, nina karakana na mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, na tangu niolewe mama mkwe alikuwa ananiita "huyo fundi wenu," mpaka alipotaka kuba dogo la mapambo juu ya paa la baraza lake, nami nikasema ndiyo nafasi yangu hii. Sasa mshauri, sisi huwa tunajaribu kwanza, nikachonga kuba zima kwa MDF, ule ubao wa unga wa mbao na gundi wa makabati ya ndani, usiotaka maji hata kidogo, nikalishikiza kwa gundi tu na kulipaka rangi nyeupe nione sura, mbao ngumu za kuba la kweli bado zinakauka, nikaenda kununua skrubu, kurudi nakuta kuba halipo! Kumbe shemeji yangu kapita na vibarua wake, kaliona linang'aa, akasema si tayari hili, wakaenda kulipigilia juu ya paa amfurahishe mama yake. Nilikimbia kuwaambia walishushe, lakini nilikuta vigelegele, na mama mkwe akanikumbatia mbele ya majirani akaniita "mwanangu," basi nami nikapiga vigelegele.

Tangu hapo kiti chake kakihamishia chini ya kuba, anakaa na wajukuu kutwa, na juzi yalipita manyunyu tu, nikaangalia juu nikaona kingo zimevimba kama mkate uliolowa na lenyewe limeinamia ukingo wa paa, juu ya kiti chake. Mume wangu ananiambia, "Nyamaza, mama ana presha, utamuua." Mshauri, naogopa, upepo ukigonga mlango nashtuka, naogopa litawaangukia, na naogopa nikisema nitarudi kuwa "huyo fundi wenu." Nifanyeje?

Fundi mwenye hofu

JIBU

Pole, fundi. Lakini hebu weka kalamu chini! Watoto wamekaa chini ya dubwana linalovimba, wewe unatafuta bahasha? Barua yako nimeitoa kwenye foleni, naisoma leo leo.

Hofu yako naielewa. Kuitwa mwana baada ya miaka ya kununiwa si jambo dogo, na shemeji yako naye kabeba kitu bila kuuliza, huyo nitamsema siku yake. Ila mficha maradhi, kifo humuumbua. Mumeo anasema mama ana presha? Presha ina vidonge, baba. Kuba likitua kichwani halina.

Sasa fanya hivi. Toka hapo ulipo, nenda ukaondoe kiti na watoto barazani, uweke benchi mlangoni mtu asipite. Mwite shemeji na vibarua walewale waliolipandisha, walifunge kamba ndipo waling'oe, na wewe usipande peke yako kwa kujitia shujaa. Kisha umwambie mama kwa kinywa chako: lile lilikuwa la kujaribia, la kweli linakuja la mbao ngumu. Akinuna, anune. Anayenuna yuko hai.

Na wewe mama, kama umekaa chini ya kuba jeupe unanisikiliza, inuka uingie ndani na wajukuu zako. Aliyekuwa anatetemeka kukuambia ni mwanao.