Processor Mpya ya Gachau

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo nimefukuzwa. Naandika ili nisisahau hata neno moja.

Tulikuwa studio Ruiru, mimi, Gachau na Mama Shiko wa Membley. Mama alikuja kupanga video ya ruracio, sherehe ya mahari ya binti yake. Akauliza, kwa upole tu, mbona video ya mazishi ya shemeji yake ilikaa miezi miwili. Gachau hakupepesa hata jicho. "Ni laptop ya Benta. Imezeeka. Mwenyewe pia amechoka."

Miezi miwili! Zile clip zilikaa kwa begi yake wiki saba, mimi nikimwomba kila asubuhi. Nilipozipata nilimaliza kwa siku tatu. Miaka minne yeye anashika kamera, mimi nakata na kuunganisha, leo ananivua nguo mbele ya mteja. Jioni akaniambia nipumzike kidogo, msaidizi wetu Mitchell atakaa kwa kiti changu. Kupumzika!

Gachau, utanijua.

Jumatano, 5 Novemba

Nimeenda kwa Kagwe, fundi wa kompyuta hapa Thika. Nilitaka laptop yenye processor ya mwaka huu. Mpya kabisa. Nilishajiona nikiingia nayo kwa Mama Shiko Membley, Gachau akitafuta mahali pa kuweka uso.

Kagwe hakuwa na haraka ya kuuza. Akafungua kwanza yangu. Vumbi, yawa! Feni ilikuwa imevaa sweta. Akasema processor haina ugonjwa, inangoja tu. Hard disk ya kitambo inailetea kazi polepole, na RAM ni kidogo. Ati ni kama mpishi mwepesi anayeletewa kuni moja moja. Nikamwambia sikuja kuhubiriwa. Akacheka. Akatoa hard disk akaweka SSD, ile disk ya kasi, akaongeza RAM, akapangusa.

Tukajaribu ile ile video ya mazishi. Zamani kuitoa ikiwa imekamilika ilichukua dakika arobaini. Sasa — kumi na moja! Halafu tukaijaribu kwa laptop mpya anayouzia watu wa maofisi. Dakika tisa.

Tisa. Yaani kwa hizo dakika mbili ndio watu wanauza ng'ombe? Labda kama ningekuwa natengeneza katuni usiku na mchana. Mimi nakata harusi na mazishi. Nilirudi nyumbani Landless nikicheka peke yangu njiani. Halafu nikapata wazo. Wazo baya. Tamu!

Ijumaa, 7 Novemba

Nimeweka status WhatsApp. Picha ya laptop, imefunikwa nusu, na maneno: "Kutoka dakika 40 mpaka 11. Processor mpya, asante Mungu." Uongo, na jina la Mungu nimechomeka humo. Atanisamehe, anajua kilichonipata.

Wa kwanza kuiona — Gachau. Hata dakika moja haikuisha.

Jumatatu, 10 Novemba

Mitchell amepiga. Alikuwa rafiki yangu kabla ya kuwa mtu wa studio. Gachau anataka kujua nimenunua generation gani. Nikasema mwambie ya mwisho mwisho, na bila hiyo asiahidi mtu clip ya siku hiyo hiyo.

Maana ameahidi! Amemwambia Mama Shiko wageni watajiona kwa screen wakiwa bado wanakula. Mitchell akauliza kama hiyo ya processor ni kweli. Nikasema wewe peleka salamu tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Gachau ameuza kamera ya pili! Amenunua laptop, processor ya juu kabisa. Nilifunga mlango nikacheza. Mtu mzima mimi.

Jumatano, 19 Novemba

Mitchell tena. Laptop mpya inawaka upesi, lakini kazi inakwama vile vile. Clip zote ziko kwa ile hard disk ya nje ya Gachau, kuukuu, inalia kama panya. Anafanyia kazi humo humo. Hajui! Anampigia muuzaji simu akimtukana.

Ningeweza kumwambia Mitchell: hamisheni clip ziingie ndani ya laptop kwanza, basi. Sentensi moja. Nimeila na ugali.

Ijumaa, 21 Novemba

Amenipigia mwenyewe. Sauti chini kabisa. Ruracio ni kesho, na ana kamera moja. Anajua nina yangu ndogo.

Shida yake ni pale kwa leso. Wasichana wanafunikwa leso kutoka kichwa mpaka miguu, bwana harusi anachagua aliye wake. Akikosea ni faini na kicheko. Kamera moja kwa wasichana, moja kwa uso wa kijana. Hairudiwi ile. Gachau akasema, "Benta, tafadhali. Nilikukosea." Nikasema nitakuja, nitashika upande wa wasichana.

Sitabonyeza. Huo ndio mpango. Nitasimama nimeinua kamera vizuri, taa nyekundu ya kurekodi isiwake. Clip iwe na shimo katikati, Mama Shiko amuulize yeye. Nitasema betri ilizima. Si yeye alisingizia mashine? Nimelala mchana kidogo, usingizi mzuri sana.

Jumamosi, 22 Novemba

Membley, saa saba na nusu. Daftari liko kwa goti. Kina bwana harusi bado wako nje ya lango, akina mama wanawaimbisha kabla ya kuwafungulia. Mimi niko chumbani na wasichana sita, wamefunikwa tayari, wanachekea huko chini ya leso.

Mama Shiko amenishika mkono pale jikoni. Nilijua ni ile habari ya video kuchelewa, nikakaza uso. Akasema, "Gachau ameniambia asubuhi. Zile clip zilikuwa kwa begi yake. Pole, mama."

Amemwambia! Bila kuulizwa! Nimengoja hayo maneno wiki tatu, na yamenikasirisha zaidi. Kwani nani alimwambia aseme leo? Nimekuja na hasira yangu imepangwa vizuri, ananipokonya mchana kweupe. Na bado iko. Naisikia hapa kwa kifua. Alinisingizia mbele ya mteja nikisikia, anakiri mimi sipo. Hiyo ni sawa?

Shiko, bibi harusi mwenyewe, ameinua ncha ya leso, akanong'ona. "Benta, mimi ni wa tatu. Usinikose."

Vigelegele. Lango limefunguliwa.

Gachau yuko mlangoni na kamera yake, jasho mpaka shingoni. Ananiuliza kwa kidole gumba kama niko tayari. Nimemrudishia kidole gumba. Wasichana wanapanga mstari. Taa ya kamera yangu bado haijawaka —