Makofi ya Heshima Yanamrudisha Bwana Yangu Kwenye Uchaguzi

Mama Mbombo mpendwa,

Nisaidie, mama, nakuandikia nikiwa jikoni na mlango nimeuzuia kwa kiti, kwa sababu bwana yangu yuko sebuleni, amevaa abacost yake ya zamani, lile koti la viongozi, inayombana tumboni, anahutubia viti, na kila akimaliza sentensi ananyamaza kidogo kuwaachia watu nafasi ya kupiga makofi, na watu wenyewe hakuna, ni mimi tu huku na sufuria ya bukari, ugali wetu.

Bwana yangu, tumwite Mukalay, aliwahi kuwa commissaire du peuple, yaani mjumbe wetu kwenye baraza kule Kinshasa. Mwaka 1975 hakukuwa na kura, majina yalisomwa uwanjani hapa Kolwezi, lake likasomwa, watu wakapiga makofi, akawa mjumbe, na siku ile nilifurahi, sitakudanganya. Mwaka 1977 ikaja kura ya siri, akapita kwa shida, wa mwisho kabisa kati ya waliopita, lakini alipita. Mwaka 1982 alianguka vibaya, hata mtaa wetu wenyewe ulimkataa, na nyumba aliyopewa kama mjumbe ikachukuliwa, tukaenda kulala kwa dada yake kule Manika, sisi na watoto wote chumba kimoja, na Tshiela, mkubwa wetu, akaacha shule na hakurudi tena. Baadaye kampuni ya mgodi ilimhurumia, ikampa kazi ya ukarani na hii nyumba ya Dilala, ndogo, lakini mlango ni wetu.

Sasa ni 1987 na uchaguzi umekaribia na anataka kugombea tena, na mkuu wake wa kazi amemwambia wazi kwamba safari hii akitoka hakuna kurudi, na nyumba airudishe. Jumatatu anapeleka barua ya kuacha kazi.

Na kinachomdanganya, mama, ni heshima za watu. Unajua kwetu ukikutana na mkubwa unainama kidogo na kupiga makofi polepole, ndiyo salamu, unampa hata mkwe usiyempenda. Sasa yeye kila Jumapili baada ya misa anapita njia ndefu katikati ya mtaa, watu wanainama, wanapiga makofi, na anarudi nyumbani uso unang'aa.

"Unaona, mama? Batu bote banainama, banapiga makofi. Hii mara mi nishapita."

Mimi nakaa kimya, kwa sababu kwenye bomba la maji nilisikia mengine. Mama Numbi, jirani yetu ambaye anamwinamia kuliko wote, alinishika mkono akaniambia, "Mama, tata, bwana yako, ni mukubwa, nitamusalimia mupaka kufa. Lakini kura yangu, hapana. Hawezi kuipata, ata afanye nini. Alinichezesha ngoma na Numbi wangu eko chini ya udongo." Na wanawake wengine waliokuwa wanangoja maji wakatazama ndoo zao, hakuna aliyembishia.

Nikueleze hiyo ngoma. Vita ya waasi ilipoingia Kolwezi mwaka 1978 yeye alikuwa Kinshasa barazani, mimi na watoto tulikuwa chini ya kitanda hapa, na mdogo wangu Kabeya akatoka kututafutia maji na akauawa njiani, tukamzika haraka bila sanduku, kama wengi walivyozikwa, na Numbi, mtoto wa jirani, naye aliuawa siku zile. Risasi ziliponyamaza bwana yangu akaja na ndege. Matanga hayajavunjwa, sisi bado tunalala chini kwenye mikeka, akaitisha watu wote uwanjani ili tushukuru kuokolewa, na wanawake tuvae vitenge vya chama, tuimbe na tucheze. Mimi kama mke wake niliwekwa mstari wa mbele. Mtu mwenye msiba hachezi, mama, hata mtoto anajua hilo, na pale uwanjani tulicheza sote tuliofiwa, watu wakapiga makofi, yeye akaona mambo yamependeza. Jioni akaniambia, "Mulicheza muzuri sana." Kabeya hakumtaja. Mpaka leo hajamtaja.

Sasa niko katikati. Nikimwambia kwamba hawamtaki na sababu ni hiyo, halafu asinisikie, aende aanguke, dada yake atasema ni mdomo wangu. Mwaka ule wa 1982 alinisema mbele ya familia nzima, "Mukosi iko kwa huyu bibi," na kuna mjomba akauliza kama mimi si mchawi, na bwana yangu alikuwepo na akainamisha kichwa. Nikinyamaza, Jumatatu barua inakwenda na nyumba inakwenda, na sijui safari hii ni mtoto yupi ataacha shule. Nimechoka, mama. Namwonea huruma akihutubia viti, na namchukia pia, na vyote viwili vinanijia kwa pamoja.

Badilisha majina yote, tafadhali, lakini la mdogo wangu liache. Bwana yangu ananunua gazeti lenu kila Jumamosi na kulisoma kwa sauti mezani, barua za wanawake humchekesha sana.

Mimi mke wa mjumbe wa zamani, Dilala, Kolwezi

MAMA MBOMBO ANAJIBU

Mama wa Dilala,

Pole kwa Kabeya. Naanza na yeye kwa sababu naona nyumbani kwako hakuna aliyekupa pole hiyo.

Sasa vumilia, nakugombeza. Unalalamika kwamba mume wako anadanganywa na makofi ya watu. Na wewe je? Akiingia mlangoni unamsalimiaje? Akimaliza kuongea mezani unafanya nini? Mji mzima unamwinamia na hakuna hata mmoja aliyemwambia alichowafanyia siku ile, na wa kwanza kunyamaza ni wewe unayelala naye. Mtu akipewa heshima miaka yote bila neno lingine lolote, atadhani anapendwa. Hata mimi ningedhani. Simtetei, alikosa, na alikosa vibaya, lakini kosa lenyewe hajui kama lipo.

Siasa siigusi. Nani apite na nani aanguke, wapo wanaohusika, na mimi nina watoto wa kulea. Mimi nashughulika na nyumba za watu, na ya kwako inaondoka Jumatatu.

Unamwogopa wifi. Mama, mwaka 1982 ulinyamaza, au siyo? Na bado alikuita mkosi. Ukisema atasema, usiposema atasema, kwa hiyo kunyamaza kwako hakujakununulia kitu kwake. Huyo mwache kabisa.

Ongea na mume wako kabla ya Jumatatu, na usianze na kura. Ukianza na kura atasimama akuhutubie. Anza na uwanja. Mwambie ulikuwa umelala chini kwenye mkeka, akakuinua ucheze. Mwambie jirani yako naye alicheza, na mwanawe alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Akikasirika mwache akasirike, ukimaliza kusema usirudishe neno hata moja. Halafu mwombe jambo moja tu: kabla hajapeleka barua kazini, aende kwa jirani huyo, abacost aiache kabatini, akae chini kama watu wanavyokaa msibani, atoe pole ambayo hakuitoa. Asiombe kura pale, asitoe hotuba. Akikaa na yule mama nusu saa tu, atajua mwenyewe kama Jumatatu aende au asiende.

Inawezekana atakataa. Wanaume waliozoea uwanja wanaona aibu kukaa chini kwenye nyumba ya jirani. Akikataa na barua akaipeleka, usimfuate kwa machozi. Tafuta mapema mahali pa kulaza watoto, kwa ndugu zako, si kwa wifi, na kaa na Tshiela muwasaidie wadogo zake wasitoke shuleni kama yeye. Na ukiitwa tena mstari wa mbele kucheza, sema una msiba. Hutakuwa umedanganya.

Matanga ya Kabeya nayo yavunjwe. Akiwepo bwana au asiwepo. Waite ndugu zako, mpike, mlie, mtajeni kwa sauti. Miaka hii yote umembeba peke yako.

Nimalizie na hili, maana usinifanye mjinga. Mtu anayetaka kujificha haombi jina la mdogo wake liachwe kwenye gazeti ambalo mume wake atalisoma kwa sauti. Ulitaka nikusemee. Nimekubali nusu tu: majina mengine nimebadilisha, Kabeya nimemwacha palepale ulipomweka. Leo Jumamosi mezani ataanza na kicheko, kama kawaida yake, mpaka afike kwenye jina hilo, na hapo ataacha kusoma. Atainua macho akutazame. Mikono yako kwa mazoea itataka kukutana impigie makofi. Iache juu ya meza, mama, ufungue mdomo.