Nilikokuwa Mama Alipozingirwa na Maji

Dada Zeinabu,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai umeamka salama wewe na shemeji Komora, na kwamba homa ya Saidi imeshuka. Mimi ni mzima, ila mikono imepasuka kwa baridi ya huku Uskoti. Chumba cha kufulia cha hospitali kina joto, lakini nikitoka tu nje ngozi inakauka. Na mama je, ameanza kuzoea kulala kwenye hema? Ulisema analalamikia moshi wa majirani. Akilalamika, basi ana nguvu.

Nakuandikia kwa sababu kuna uongo niliousema, na kwenye simu siwezi kuurekebisha. Kila tukizungumza mama yuko ubavuni mwako.

Mliponiuliza nilikuwa wapi zile siku mbili, nilisema kazini. Sikuwa kazini. Nilikuwa mapumzikoni, na nilikwenda kujifurahisha.

Kuna mwenzangu hapa anaitwa Moira, tunakunja naye mashuka. Ni mpenzi wa hadithi za mambo ambayo bado hayajatokea: watu wanaoishi mwezini, mashine zenye akili, miji iliyo chini ya bahari. Amekuwa akiniazima vitabu vyake na mimi navisoma saa ya chakula. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungecheka. Kila mwaka wasomaji wa hadithi hizo hukutana hotelini siku mbili. Waandaaji hawalipwi. Mwenyekiti wao ni dereva wa basi, na aliyekuwa mlangoni akiandika majina ni muuguzi mstaafu. Aliniuliza, "Tukuandike nani?" Nikamwambia Hawa wa Garsen. Akaniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika kwenye kadi, nikaivaa shingoni.

Ndani nilikuta mtu mzima amevaa maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha, amepanga foleni ya chai, hawezi kukaa. Bibi wa umri wa mama alikuwa na pembe kichwani na hakuna aliyemshangaa. Walikuwa wakibishana kuhusu vitabu kama wanaume wanavyobishana kuhusu mpira pale Garsen. Hakuna aliyeniuliza nimefika lini nchini mwao wala narudi lini kwetu. Waliniuliza nasoma nini.

Jumamosi mchana mwandishi mmoja kijana alisoma hadithi yake. Mji umefunikwa na maji, watu wamekaa juu ya paa. Alipomaliza akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono.

"Siku tatu wako juu ya paa," nikasema, "na hakuna anayepika. Hakuna hata aliyeuliza kuni kavu zitatoka wapi."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Umewahi kuyaona mafuriko?"

"Nimezaliwa kando ya Mto Tana."

Akaniomba nipite mbele. Nikawaeleza tunavyofunga kuku miguu na kuwapandisha darini, na nyoka wanavyopanda mti uleule tuliopanda sisi. Nikawaeleza kuhusu mama, anavyokaa kitandani na kusema hatoki mpaka maji yamfike magotini, kwa sababu mto ulimkuta hapo na utamwacha hapo. Nilimwigiza na sauti yake. Walipiga makofi, dada. Yule kijana alikuwa akiandika kila neno.

Simu yangu ilikuwa mkobani, imezimwa. Niliizima mwenyewe Ijumaa jioni. Ulishaniambia mvua inanyesha huko juu na mto umejaa. Nilitaka siku mbili ambazo hakuna mtu angeniomba kitu wala kunipa habari mbaya. Kwa hiyo ile habari ya mtandao mbovu niliyokupa, nayo si kweli.

Jumapili nilipoiwasha nilikuta umenipigia mara kumi na tisa. Nikasikiliza ujumbe wako wa kwanza: "Hawa, zungumza na mama, anakusikiliza wewe peke yako." Wa pili: "Hawa, maji yameingia ndani." Wa tatu ulikuwa kelele tu. Nimelinganisha saa za huko na za huku. Ulipokuwa ukiniomba nizungumze na mama, mimi nilikuwa mbele ya watu namwigiza.

Yaliyofuata uliniambia wewe: kwamba Guyo, ambaye ng'ombe wake walimaliza mahindi ya mama hata yeye na mama wakaacha kusalimiana, aliingia maji yakiwa kifuani, akambeba mgongoni, na mama akamgombeza njia nzima mpaka barabarani. Kisha ukampa mama simu.

"Ulikuwa wapi?" akaniuliza.

"Kazini, mama."

"Basi. Kazi ni kazi."

Hakuuliza tena. Angenitukana ningejua la kufanya. Amenisamehe kitu ambacho sikukifanya, na nilichokifanya hakijui.

Yule mwandishi amepata anwani yangu kwa Moira na anataka nimsaidie hadithi yake. Sijamjibu. Nimemwambia Moira kwamba mambo ya mama si yangu ya kugawa mpaka mama mwenyewe aseme. Likizo yangu inayofuata nitaitumia kuja nyumbani. Nimeshaiomba kwa msimamizi na amekubali.

Nisalimie shemeji, na Saidi, na shangazi aliyewapa sufuria zake. Guyo mpelekee salamu peke yake, usimchanganye na wengine. Mwambie mtoto wa yule mama mgomvi anamshukuru.

Nilipoanza nilitaka ujue wewe peke yako, ila sasa barua hii msomee mama yote, usiruke mahali wala usipunguze makali. Akikuuliza kama nilifurahi huko, usimfiche. Mwambie nilifurahi sana.

Mimi mdogo wako,
Hawa